Ni nani hasa anayeimba “Louie Louie”?

Msomaji wa Arusha ameniandikia barua ndefu, nami naifupisha. Amerithi santuri ndogo ya “Louie Louie” ya bendi ya The Kingsmen kutoka kwa mjomba wake aliyesoma Marekani miaka ya 60. Rafiki zake wanabishana: mmoja anasema wimbo ni wa Waingereza The Kinks, mwingine anaujua kwa bendi ya rock ya Motörhead, wa tatu anashikilia kwamba mtunzi ni mtu mweusi wa Los Angeles ambaye hakufaidi kitu. Amesikia pia kwamba serikali ya Marekani iliuchunguza wimbo huo kwa matusi. Na kuna jambo linalomsumbua kuliko yote: ametazama picha za zamani za Kingsmen wakiwa kwenye televisheni, na yule anayeimba mbele, kila akifungua mdomo, haelekei kuwa mwenye sauti iliyomo kwenye santuri. Anauliza wimbo ni wa nani, unasema nini, na anayeimba ni nani.

Jibu

Huyo rafiki wa tatu ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, ingawa mwisho wa habari haukuwa mbaya kama anavyodhani. Na macho yako hayakukudanganya kuhusu televisheni. Lakini ili nikujibu sawasawa inabidi tufuate wimbo ulikopita, kwa sababu ulipita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika kwa mjomba wako, na kila aliyeupokea aliusikia tofauti kidogo na alivyouimba mwenzake. Mimi naamini tofauti hizo ndizo zilizoufanya uwe huu tunaoujua.

Asili yake ni Kuba. Mtunzi Mkuba, Rosendo Ruiz mdogo, alikuwa na wimbo wa cha-cha ulioitwa “Amarren al loco”. Mpiga piano René Touzet, Mkuba aliyekuwa akifanya kazi Marekani, akaupanga upya kwa bendi yake na kuuita “El Loco Cha Cha”. Mwanzoni mwa mpangilio huo kuna pigo moja linalojirudia: pa-pa-pa, pa-pa, pa-pa-pa, pa-pa. Usipokumbuka kingine chochote, kumbuka hilo.

Katikati ya miaka ya 50 pigo hilo lilimfikia kijana anayeitwa Richard Berry kwenye ukumbi wa dansi wa Harmony Park, mjini Anaheim, California. Alikuwa akisubiri zamu yake ya kupanda jukwaani huku bendi ya The Rhythm Rockers ikipiga “El Loco Cha Cha”. Berry alizaliwa Louisiana mwaka 1935 na kukulia Los Angeles. Sauti yake nzito ilikuwa tayari imesikika kwenye santuri kubwa za watu wengine bila jina lake kutajwa. Yeye ndiye anayeongoza kwenye “Riot in Cell Block #9” ya The Robins ya mwaka 1954, na ndiye Henry anayemjibu Etta James kwenye “The Wallflower”. Alipolisikia lile pigo la Touzet, jina Louie likamjia juu yake, silabi mbili mbili, naye akaandika maneno kwenye kipande cha karatasi hukohuko ukumbini.

Kwa sisi tuliolelewa na muziki wa dansi, hapo pana undugu. Miaka hiyohiyo santuri za Kuba, zikiwemo zile za mfululizo ulioitwa GV, zilikuwa zikipigwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) na pwani yetu. Mwaka 1960 Joseph Kabasele na African Jazz wakawa wanauimba uhuru wa Kongo kwa mwendo wa cha-cha. Chemchemi moja, mito miwili: mmoja ukaelekea kwa wapiga gitaa wa Kongo, mwingine ukaelekea kwa vijana wa rock wa Marekani. Ndiyo maana mzee aliyecheza dansi la bendi zetu anaweza kutikisa bega akisikia “Louie Louie” kwa mara ya kwanza.

Sasa maneno, maana umeyauliza. Hayana tusi hata moja. Ni baharia anayemweleza mhudumu wa baa, huyo Louie, kwamba ana mpenzi anayemngoja Jamaika. Anasafiri siku tatu mchana na usiku, anamuwaza njia nzima, hadi anaona kama anasikia harufu ya waridi kwenye nywele zake. Basi anamuaga Louie kwamba hana budi kuondoka. Berry aliyaimba kwa lafudhi ya kuigiza watu wa Karibi, kwa sababu kalipso, muziki wa Karibi, ilikuwa imeshika Marekani wakati ule, na kwa sababu alikuwa akiupenda “Havana Moon” wa Chuck Berry. Wawili hao hawana undugu, wamegongana majina tu. Santuri ilitoka Aprili 1957 kwa lebo ya Flip, jina likiwa Richard Berry na The Pharaohs, na “Louie Louie” ukawekwa upande wa pili, nyuma ya “You Are My Sunshine”. Iliuzwa vizuri kiasi huko magharibi, kisha ikatulia.

Berry alitaka kuoa, na hela hakuwa nazo. Akamuuzia mwenye lebo haki ya “Louie Louie” pamoja na nyimbo nyingine chache kwa dola 750. Nakuomba usimcheke. Wakati huo wimbo ulikuwa umeshalala, na mtunzi mwenye harusi mbele yake haoni miaka 30 ijayo.

Aliyeuamsha ni mtu ambaye watu hawamtaji inavyostahili: Rockin’ Robin Roberts wa Tacoma, jimbo la Washington. Roberts aliipata santuri ya Berry na kuanza kuupiga wimbo huo kumbi za huko. Mwaka 1961 santuri yake pamoja na The Wailers ikatoka. Hawa si Wailers wa Jamaika, ni bendi ya vijana wa Tacoma waliotangulia kutumia jina hilo. Roberts aliondoa upole wote wa Berry. Akaukaza, akaukwaruza kwa koo, na kabla ya solo ya gitaa akapiga ukelele wa kuwahimiza wenzake wawape watu kitu chao papo hapo. Ukelele huo hauko kwa Berry. Utausikia kwa Kingsmen, na kwa makumi ya bendi zilizofuata, na wengi wanaoupiga hawajui kwamba wanamnukuu kijana wa Tacoma aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1967.

Kutoka kwa Roberts wimbo ukawa kama wimbo wa taifa wa kumbi za vijana kaskazini-magharibi ya Marekani. Bendi isiyoujua haikupata kazi. Ndipo tunapofika Portland, Oregon, tarehe 6 Aprili 1963.

Kingsmen walikuwa vijana watano: Jack Ely akiimba na kupiga gitaa, Mike Mitchell kwenye gitaa la solo, Lynn Easton kwenye dramu, Don Gallucci kwenye kinanda na Bob Nordby kwenye besi. Walilipia studio ndogo dola 50 na kidogo hivi. Usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wameupiga “Louie Louie” peke yake kwa saa moja na nusu mfululizo, hivyo koo la Ely lilikuwa limechoka. Meno yake yalikuwa na nyaya za kuyanyoosha. Maikrofoni ilining’inizwa juu karibu na dari, ikambidi ainue kichwa na kupaza sauti kuelekea juu ili isikike kupita vyombo. Wakapiga mara moja, wakadhani ni mazoezi, wakaambiwa imetosha.

Sikiliza santuri yako sasa ukiyajua hayo, utausikia wimbo mwingine. Kwanza, pigo lenyewe si la Roberts. Ely alikuwa amejifunza toleo la Roberts kwa kulisikiliza kwenye mashine ya santuri ya kutumbukiza sarafu, na alipowafundisha wenzake akawafundisha kwa hesabu isiyo sawa. Roberts anakwenda moja-mbili-tatu-nne, moja-mbili. Ely anakwenda moja-mbili-tatu, moja-mbili. Bila kujua alikuwa amekata pambo la Roberts, na matokeo yake ni pigo gumu zaidi, la kuchechemea kidogo, ambalo mtu yeyote aliyeshika gitaa kwa wiki mbili anaweza kulipiga. Kodi zenyewe (“chords”, noti za gitaa zinazopigwa kwa pamoja) ni A, D, E maina (“minor”), kisha D tena, basi, mpaka mwisho. Hiyo E maina ndiyo inayoupa wimbo uso wa huzuni kidogo katikati ya makelele.

Pili, ngoja solo ya Mitchell imalizike. Ely anaanza ubeti wa tatu mapema mno, anagundua, ananyamaza. Easton anapigapiga dramu kuziba pengo, kisha Ely anaanza upya mahali panapotakiwa. Ni kosa la wazi, na hawakuwa na fedha za kurudia. Baadaye bendi nyingi zilizoupiga wimbo huu ziliingia mapema palepale na kunyamaza palepale, kwa makusudi, kwa sababu masikio ya watu yalikuwa yameshazoea kwamba wimbo ndivyo ulivyo.

Bendi nyingine ya huko, Paul Revere and the Raiders, iliurekodi wimbo huohuo mwezi huohuo katika studio hiyohiyo. Wao walikuwa wapigaji hodari zaidi, na nyumbani walikuwa wakiwashinda Kingsmen kwa mauzo. Kilichogeuza mambo ni mtangazaji wa redio wa Boston, Arnie Ginsburg, aliyeipiga santuri ya Kingsmen kama mfano wa santuri mbovu kabisa ya wiki. Watu wa Boston wakakimbilia madukani kuitafuta. Lebo ya Wand ya New York ikaichukua na kuisambaza nchi nzima, na kufikia Desemba 1963 ilikuwa nambari 2 kwenye chati ya Billboard. Ilikaa hapo wiki sita. Waliozuia isipande ni mtawa wa Kibelgiji aliyekuwa akiimba “Dominique”, kisha Bobby Vinton. Wiki chache baadaye Beatles wakatua Marekani na hesabu zote zikaanza upya.

Ndipo likaja suala la matusi. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kusikia Ely anasema nini, vijana wa shule walijaza wenyewe. Vikaratasi vilivyoandikwa “maneno ya kweli” vikazunguka madarasani, kila kimoja kichafu kuliko kingine. Mzazi mmoja akamwandikia Robert Kennedy, mwanasheria mkuu wa serikali, akilalamika. Mapema mwaka 1964 gavana wa Indiana, Matthew Welsh, akawaomba wenye redio za jimbo lake wasiupige. FBI wakafungua uchunguzi. Kulikuwa na sheria ya kuadhibu kusafirisha vitu vya aibu kutoka jimbo moja hadi jingine, na maabara yao ikaipiga santuri kwa kasi mbalimbali, ya kawaida, ya polepole, ya haraka, huku wakilinganisha na vile vikaratasi. Mwisho waliandika kwamba maneno hayaeleweki kwa kasi yoyote. Faili lao lilikuja kuwekwa wazi kwa umma, na lina kurasa zaidi ya 100. Jambo linaloniuma katika faili hilo ni kwamba Jack Ely, aliyeyaimba maneno hayo kwa mdomo wake, hawakumhoji hata siku moja. Santuri ya Berry ya 1957, yenye kila neno likisikika wazi, ilikuwepo muda wote.

Ukitaka tusi kweli, lipo, ila si la Ely. Nyuma kabisa, kama sekunde ya 54, husikika kelele ya mpiga dramu aliyekosea fimbo na kulaani. Hilo liliwapita wapelelezi.

Nije kwa rafiki zako wawili. The Kinks hawakuutunga. Waliurekodi mwaka 1964, kwa ukali mzuri sana, lakini deni lao kwa wimbo huu liko mahali pengine. Sikiliza “You Really Got Me” waliotoa mwaka huohuo: kodi chache zilizokatwa vipandevipande na kurudiwa bila huruma. Kwangu mimi huyo ni mtoto wa “Louie Louie”. Ndugu yake mwingine ni “Wild Thing” ulioimbwa na The Troggs mwaka 1966. Unakwenda A, D, E, D. Ile E maina imegeuzwa kuwa ya kawaida, na mara huzuni inatoweka, kunabaki majigambo. Mwenye gitaa karibu ajaribu mwenyewe: abadilishe kidole kimoja tu, atatoka wimbo mmoja na kuingia mwingine.

Kabla hata Waingereza hawajaugusa, Otis Redding alikuwa ameshauweka kwenye albamu yake ya kwanza mapema 1964, akiufanya wa soul, na maneno akiyapindisha anavyotaka. Hadithi ya baharia imetoweka kwake, limebaki jina Louie na shangwe. Beach Boys nao waliurekodi mwaka huohuo, safi, umepigwa pasi, na sina hamu nao. The Sonics wa Tacoma waliufanyia katikati ya miaka ya 60 jambo ambalo hata leo linaogopesha, na kama utasikiliza toleo moja tu la kopi kutoka miaka hiyo, lisikilize la kwao. Frank Zappa alikuwa akiupachika kila mahali kwenye kazi zake, hadi mwaka 1967 mpiga kinanda wake akaupiga kwenye kinanda kikubwa cha mabomba cha Royal Albert Hall, London. Mwaka 1969 Julie London aliuimba polepole, kwa sauti ya chumbani, kila neno likisikika. Ukimsikiliza yeye ndipo unatambua kwamba Berry alikuwa ameandika wimbo wa mapenzi wa mtu aliye mbali na nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 70 Toots and the Maytals waliurekodi kwa reggae. Hilo ndilo toleo ninalolipenda kuliko yote baada ya Roberts. Baharia wa Berry alikuwa anaelekea Jamaika kwa lafudhi ya kuigiza iliyotungwa Los Angeles, na hawa hapa ni Wajamaika wenyewe wanampokea, kwa sauti ya Toots Hibbert iliyokomazwa kanisani. Hawaharakishi. Pigo la Kikuba limekaa vizuri kwenye mwendo wao kuliko lilivyokaa kwa bendi yoyote ya rock.

Motörhead walikuja mwaka 1978. Kabla yao alikuwepo Iggy Pop, mwimbaji wa The Stooges, na hapa kuna kiungo ambacho watu hukisahau. Don Gallucci, yule kijana wa kinanda wa Kingsmen, ndiye aliyesimamia kurekodiwa kwa albamu ya “Fun House” ya The Stooges mwaka 1970. Iggy mwenyewe alikuwa akiupiga “Louie Louie” tangu ujana wake huko Michigan, na onyesho la mwisho la Stooges, Detroit, Februari 1974, lilifungwa na wimbo huo huku chupa na mayai vikirushwa jukwaani. Aliyaimba maneno machafu kabisa, yaleyale ambayo vijana wa 1964 walidhani wanayasikia. Mwaka 1993 aliurudia tena, safari hii akiuliza habari za vita, siasa na ufukara wa dunia. Black Flag nao mwaka 1981 walitupa maneno yote wakabuni ya kwao. Mwaka huohuo Barry White akaurudisha kwenye mdundo wa Kilatini, karibu na pale Berry alipouokota.

Redio ndogo ya chuo huko California, KFJC, ilitenga muda mwaka 1983 kupiga matoleo ya wimbo huu tu. Ilichukua saa 63, na matoleo yalizidi 800.

Berry wakati huo alikuwa akiishi kwa mama yake, Los Angeles, kwa msaada wa serikali. Katikati ya miaka ya 80 kampuni ya vinywaji ilitaka kuutumia wimbo kwenye tangazo, ikagundua inahitaji saini yake. Hapo wanasheria wakamweleza anachoweza kudai. Wakaelewana nje ya mahakama, akarudishiwa sehemu kubwa ya haki zake, na mtu aliyeuza kwa dola 750 akaanza kupokea mirabaha ya maana. Alifariki Januari 1997. Kwa hiyo mwambie rafiki yako wa tatu: alifaidi, ila baada ya karibu miaka 30. Kingsmen nao hawakuwa wamelipwa ipasavyo. Mkataba wao wa 1968 uliwaahidi asilimia 9 na hawakupewa kitu, wakashtaki, na mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikathibitisha kwamba rekodi zirudi mikononi mwao.

Sasa yule mtu wa televisheni. Ni Lynn Easton, mpiga dramu. Miezi michache baada ya kurekodi, na kabla santuri haijashika, Easton aliwatangazia wenzake kwamba yeye ndiye atakayeimba mbele na Ely ahamie kwenye dramu. Jina la bendi lilikuwa limesajiliwa na familia yake. Ely akaondoka Agosti 1963. Santuri ilipolipuka, Easton alisimama mbele ya kamera akichezesha midomo juu ya sauti ya mtu aliyemsukumia kando. Ely alizunguka na Kingsmen wake mwingine, wakafikishana kwa wanasheria, na mapatano yakawa hivi: Ely aache kulitumia jina, Easton aache kuigiza sauti yake, na santuri zitakazotolewa tena zitaje mwimbaji ni nani. Ely alifariki mwaka 2015.

Kwa hiyo itazame santuri ya mjomba wako. Kama kibandiko kinasema Wand 143 na upande wa pili ni “Haunted Castle”, unayo rekodi ya Portland, na sauti ni ya Ely. Kama ni Jerden 712, ni ileile kabla Wand hawajaichukua, na hizo ni adimu, ihifadhi vizuri. Kama ni toleo la 1966, jina lake litakuwa limechapwa hapohapo kwenye kibandiko: mwimbaji kiongozi, Jack Ely.